Rekodi za Ndege Zilizokataa Kutua

Mkazi wa Kinoo akitafuta rekodi ya dunia ya kujivunia, wengi watamwelekeza kwa wakimbiaji wa Iten. Lakini ipo nyingine, na haishangiliwi na yeyote: ndege iliyokaa angani muda mrefu kuliko ndege zote iliruka kutoka Laikipia, Kenya.

Zephyr, ya kampuni ya AALTO iliyo chini ya Airbus, iliondoka tarehe 20 Februari 2025 na kushuka katika Bahari ya Hindi tarehe 28 Aprili. Siku 67, saa 6 na dakika 52. Haina rubani. Mabawa yake yana upana wa mita 25, ila uzito wake ni kilo 75 tu, na watu huirusha kwa kukimbia nayo mikononi. Mchana hutumia sola, usiku betri. Hapo ndipo ikweta inaposaidia, kwa kuwa usiku wetu hauwi mrefu kupita kiasi mwezi wowote. (Puto moja la mradi wa intaneti wa Loon lilikaa siku 312, lakini puto huelea tu. Silihesabu.)

Zephyr ilimpokonya nani taji? Cessna 172, ndege ndogo za aina ileile zinazopaa kila siku pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi! Robert Timm na John Cook waliruka kutoka Las Vegas tarehe 4 Desemba 1958, wakatua 7 Februari 1959: siku 64, saa 22 na dakika 19. Mafuta waliyapata kwa lori. Lori lilikimbia barabarani, ndege ikishuka juu yake, nao wakauvuta mpira wa mafuta kwa winchi. Usiku mmoja Timm alisinzia, na ndege ikajiendesha yenyewe kwa zaidi ya saa nzima. Baadaye jenereta iliharibika, wakawa wanapampu mafuta kwa mkono. Mwaka 2022 Zephyr nyingine, iliyorushwa Arizona, ilianguka ikiwa imebakisha saa nne kasoro kuifikia rekodi hiyo. Kwa ugumu wa kazi, mimi bado nawapa ushindi wale wawili.

Kujaza mafuta angani kutoka ndege nyingine nako ni kugumu. Ndege mbili lazima ziende kwa mwendo mmoja, moja ikipigwa na upepo unaovurugwa na mwenzake. Zephyr, hata kama ingehitaji mafuta, isingestahimili: upepo wa ndege kubwa ya mafuta ungeivunja.

Njia nyingine ni kubeba yote mwanzoni. Voyager ya Dick Rutan na Jeana Yeager ilifanya hivyo Desemba 1986, ikaizunguka dunia, Afrika ikiwemo, kwa siku 9 bila kutua wala kuongezewa mafuta. Wakati wa kuruka, zaidi ya asilimia 70 ya uzito wake ilikuwa mafuta, na ncha za mabawa zikaburuzwa kwenye lami hadi zikachubuka. Ilitua ikiwa na mafuta ya kilo 48 hivi.

Tukirudi kwenye kujaza mafuta angani, ndege ya kwanza isiyo na rubani kuyapokea ilikuwa X-47B ya jeshi la majini la Marekani, tarehe 22 Aprili 2015. Tarehe 4 Juni 2021 mambo yaligeuka: MQ-25 ikawa ndege ya kwanza isiyo na rubani kuijazia mafuta ndege ya kivita yenye mtu ndani.