Kiitikio cha Kiganda Katika Ibada za Buhaya

Wimbo wa Tukutendereza Yesu umewaunganisha watu ambao pengine wasingeketi pamoja. Asili yake ni ya Kiingereza. Ukatafsiriwa kwa Kiganda, nao Uamsho wa miaka ya 1930 ukaueneza kutoka Rwanda na Uganda hadi Buhaya. Mmisionari na mwenyeji waliungama dhambi mmoja mbele ya mwenzake, kisha wakauimba. Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, aliguswa na Uamsho huo mwaka 1947.

Beti huimbwa kwa lugha nyingi, lakini kiitikio hubaki Kiganda. Wako wanaotaka kitafsiriwe, wakitegemea 1 Wakorintho 14:15, kwamba tuimbe kwa akili pia. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuipuuzi. Hata hivyo kiitikio hiki kimekwisha kuwa salamu: Mhaya akikiimba, Mnyarwanda humtambua kuwa ndugu kabla hajamwuliza jina. Tena Wakristo wa kwanza wa Kiinjili wa Bukoba walisoma Biblia ya Kiganda kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910. Kwa hiyo tungependa mchungaji awaeleze wanafunzi wa kipaimara maana yake kwa Kihaya au Kiswahili, kisha akiache kiimbwe kama kilivyopokewa.