Mfupa wa dome na bati la moto

Baadhi ya sufuria zinazotumika kupikia vibandani Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, ni alumini iliyosubiwa (kuyeyushwa na kumiminwa) na mafundi katika kalibu za mchanga. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Bati halisi (si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki) huyeyuka kwenye 232, moto wa jikoni tu. Ndiyo maana mafundi wa kale wa Ulaya walilipenda kwa vifungo, beji na sanamu ndogo.

Maarifa yao yanafufuliwa. Mwaka 2014, mwanahistoria Pamela Smith wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alianzisha mradi wa kujaribu maelekezo ya mswada wa Kifaransa wa karne ya 16, uliohifadhiwa Paris. Mwandishi wake hajulikani, lakini mkono wake ulijua kazi: alisubu hata mijusi na nyoka.

Njia mojawapo ya kusubu hutumia mfupa wa dome, mnyama wa baharini; ni ule mweupe unaookotwa ufukweni. Hukatwa vipande viwili, nyuso zikasuguliwa hadi zilingane. Kielelezo hubanwa katikati, kikaacha alama yake. Huchongwa mlango wa kumiminia na vijia vya hewa, kisha vipande hufungwa kwa waya. Bati likimiminwa, hata mistari ya mfupa hubaki juu ya kifaa. Urembo wa bure!

Hatari ni risasi, metali iliyochanganywa sana na bati zamani. Ni sumu, hivyo mchanganyiko huo haufai kwa kijiko wala kikombe.

Uganda nayo ina madini ya bati, huko Kikagati wilayani Isingiro.