Kampuni Mpya ya Simu: Kwa Nini Bei Nafuu Peke Yake Haitoshi?



Siku hizi simu ya mkononi imekuwa kama jembe la pili. Mkulima anauliza bei ya mahindi kwa simu. Mzazi anatuma ada ya shule kwa simu. Mgonjwa anaitiwa gari kwa simu. Kwa hiyo kampuni mpya ya simu inapokuja na kutangaza bei nafuu, watu hufurahi, na wana haki ya kufurahi.

Lakini mara nyingi kampuni hizo mpya hupata taabu sana. Nyingine hufunga na kuondoka kabisa, ingawa bei zao zilikuwa nafuu kweli. Je, sababu ni nini? Na jambo hilo linatuhusu nini sisi tunaokaa vijijini? Katika makala hii tutaangalia mfano wa kampuni moja ya jirani zetu wa Kenya. Huduma yake iliitwa yu.

Mashine ya kusaga na mtandao wa simu

Tuseme kijijini kwenu kuna mashine moja ya kusaga nafaka. Halafu mtu mwingine analeta mashine ya pili na kupunguza bei. Utafanya nini? Kesho yake utabeba debe lako na kwenda kwa yule wa bei nafuu. Unga utapata ule ule. Huna haja ya kumwuliza jirani yako yeye anasaga wapi.

Simu si hivyo. Faida ya simu inatokana na watu unaowasiliana nao. Ndugu zako wakiwa wote katika mtandao mmoja, na kupigiana ndani ya mtandao huo kukawa rahisi, wewe utaona shida kuhama peke yako. Tena namba yako wanaijua watu wengi: mwenye duka, mwalimu wa mtoto, mnunuzi wa pamba. Ukibadili namba, itabidi uwaarifu wote.

Basi hapo ndipo taabu ya kampuni mpya inapoanzia. Mteja hatazami bei tu. Anatazama pia wenzake wako wapi.

Safari ndefu ya yu

Kenya ilikuwa na kampuni mbili za simu za mkononi, Safaricom na KenCell. KenCell ilibadilishwa jina mara kadhaa, na tangu mwaka 2010 inaitwa Airtel. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya ilitangaza mshindi wa leseni ya tatu. Mshindi huyo alikuwa kampuni ya Econet, ikiwa pamoja na umoja wa vyama vya ushirika vya Kenya.

Baada ya hapo kukatokea mabishano juu ya malipo ya leseni na juu ya ubia, mpaka mambo yakafika mahakamani. Miaka ikapita. Kampuni ya Essar kutoka India ikaingia kama mbia, na huduma ya yu ikaanza mwishoni mwa mwaka 2008.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: kutoka 2003 mpaka 2008 ni miaka mitano. Katika miaka hiyo wenzake hawakulala. Safaricom ilikwisha kuwa na wateja zaidi ya milioni 10. Tena mwaka 2007 ilikuwa imeanzisha M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu. Na miezi michache tu kabla ya yu, kampuni ya Telkom nayo ilianza kutumia jina la Orange kwa simu za mkononi. Kwa hiyo yu ilifika sokoni ikiwa ya nne, wakati nafasi nzuri zimekwisha kukaliwa. Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Ugumu wa kwanza: malipo ya kuunganisha simu

Unapompigia mtu wa mtandao mwingine, kampuni yako inailipa kampuni yake kwa kila dakika. Wengi hawajui jambo hili, kwa sababu malipo hayo hufanyika kati ya kampuni na kampuni.

Sasa fikiri. Mtandao mdogo una wateja wachache. Wateja hao wanampigia nani? Wengi wanawapigia watu wa mtandao mkubwa. Kwa hiyo karibu kila simu inaitoa kampuni ndogo fedha mfukoni. Lakini wateja wa mtandao mkubwa wanapigiana wenyewe kwa wenyewe, na fedha inabaki nyumbani.

Nchini Kenya malipo hayo yalikuwa shilingi 4.42 za Kenya kwa dakika. Mwezi Agosti 2010 mamlaka ya mawasiliano iliyashusha mpaka shilingi 2.21. Mwezi huo huo kampuni ya Zain, ambayo ndiyo Airtel ya sasa, ilishusha bei ya kupiga simu mpaka shilingi 3 kwa dakika. Wengine wote wakalazimika kushusha bei zao pia.

Tufanye hesabu kidogo. Ukiuza dakika kwa shilingi 3, halafu ukalipa shilingi 2.21, unabaki na senti 79. Na kama malipo yangebaki 4.42? Ungepata hasara ya shilingi 1.42 kwa kila dakika! Utaona kwamba kushuka kwa malipo yale ndiko kulikofungua njia ya bei nafuu.

Wananchi walishangilia. Lakini vita vya bei humchosha mdogo kabla ya mkubwa. Mwenye ghala kubwa anaweza kuvumilia kiangazi. Mwenye kibaba kimoja hawezi.

Ugumu wa pili: minara

Simu haifanyi kazi bila mnara. Mnara unahitaji kiwanja, umeme na mlinzi. Mahali pasipo na umeme wa gridi, unahitaji jenereta na dizeli, au nguvu za jua na betri. Gharama hizo hazitofautiani sana kama mnara unahudumia watu mia moja au watu elfu tano. Mwenye wateja wengi anazigawa gharama kwa wengi. Mwenye wateja wachache anabeba mzigo huo huo kwa mabega machache.

Ndiyo maana kampuni mpya huanzia mijini. Na mteja akisafiri kwenda shamba, simu inakaa kimya. Anasema, "Aa, mtandao huu haufai." Kampuni haina wateja kwa sababu haina minara, na haina minara kwa sababu haina wateja.

Ugumu wa tatu: fedha za simu

Yu nayo ilianzisha huduma ya fedha, iliyoitwa yuCash. Lakini mtu hawezi kutoa fedha zake bila wakala. Mawakala wengi walikuwa wa M-Pesa, na mkataba wao haukuwaruhusu kufanya kazi ya kampuni nyingine. Kibanda kilikuwapo na mtu wa kazi alikuwapo, lakini hakuruhusiwa kumhudumia mteja wa yu.

Mwezi Aprili 2011 Kenya iliruhusu watu kuhama mtandao bila kubadili namba. Waliohama walikuwa wachache. Namba ilihama, lakini M-Pesa haikuhama nayo. Mwezi Julai 2014 mawakala wa M-Pesa walifunguliwa kuhudumia kampuni nyingine. Kwa yu mlango ulifunguliwa wakati mgeni amekwisha kufunga mizigo. Mwaka huo huo wa 2014 ilinunuliwa na washindani wake. Airtel ilichukua wateja, zaidi ya milioni 2, na Safaricom ilichukua minara na mitambo.

Je, yu haikuleta faida?

Usiseme kwamba kazi yake ilikuwa bure. Bei za mwaka 2010 zilishuka kwa sababu wauzaji walikuwa wengi na sheria iliwasaidia wadogo. Mtu aliyekuwa mteja wa Safaricom, asiyewahi kushika laini ya yu wala ya Zain hata siku moja, naye alifaidika. Mshindani akiondoka, hasara si yake peke yake. Mnunuzi naye anabaki na mlango mmoja wa kubisha.

Hapa ndipo tunapopata fundisho. Bei nafuu haitoshi kama kanuni za kugawana njia zinachelewa. Kanuni zinazohitajika ni tatu: malipo ya haki ya kuunganisha simu, ruhusa ya kuhama na namba yako, na fedha za simu zinazoweza kupita kutoka mtandao mmoja hadi mwingine.

Hali ya kwetu Tanzania

Sisi Tanzania tulipata wauzaji wengi mapema zaidi. Kutumiana fedha kati ya mitandao kulianza mwaka 2014 kwa baadhi ya kampuni, na Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Kuhama na namba kulianza Machi 2017. Kampuni ya Viettel ya Vietnam ilipoingia mwezi Oktoba 2015 kwa jina la Halotel, ilitilia mkazo vijiji tangu mwanzo, badala ya kugombania wateja wa mijini tu. Mwanakijiji asiye na mnara karibu hana ndugu wa kumvuta abaki mtandao mwingine. Anayefika wa kwanza kijijini hapo ndiye anayempata.

Mambo ya kukumbuka

Kampuni mpya ikifika kwenu, yafaa ufanye hivi:

1. Jaribu simu nyumbani kwako na shambani kwako. Usiridhike na kujaribu gulioni tu.

2. Uliza bei ya kupiga mitandao mingine. Bei kubwa iliyoandikwa kwenye bango huenda ni ya ndani ya mtandao huo tu.

3. Uliza wakala wa karibu yuko wapi, na kama ana fedha za kutosha siku ya mauzo ya mazao.

4. Ukiwa na simu ya laini mbili, huna lazima ya kuitupa laini ya zamani. Ila laini isiyotumika muda mrefu inaweza kufungwa.

5. Sajili laini kwa kitambulisho chako mwenyewe. Laini ikiwa kwa jina la mtu mwingine, siku ya matatizo utadai nini?

6. Ukisikia kampuni inauzwa au inafungwa, usifanye hofu. Kwa utaratibu wa Benki Kuu, fedha za wateja huwekwa katika akaunti za dhamana benki, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Hata hivyo, sikiliza matangazo na utoe fedha zako mapema. Na usimpe mtu namba ya siri, hata akisema anatoka kwenye kampuni. Wezi hupenda nyakati kama hizo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kuhama mtandao wa simu kunatofautianaje na kuhama mashine ya kusaga?

2. Kampuni inauza dakika kwa shilingi 5 na inalipa shilingi 2.21 kuunganisha simu. Inabaki na kiasi gani?

3. Kijijini kwenu kuna minara ya kampuni ngapi? Kama ingebaki moja tu, nani angepata hasara zaidi?