Mashapo kama Ushahidi: Namna ya Kuisoma Delta ya Mwamgongo

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha kila siku, mashapo ni masalio: yale yanayotuama chini ya chungu baada ya kioevu kumiminwa, ambayo aghalabu humwagwa. Waandishi wa vitabu vya jiografia walipolichukua neno hilo ili kutaja kokoto, mchanga na tope vinavyotuama majini, walibakiza dhana ya kutuama na kuiacha ile ya kukosa thamani. Mhadhara huu unakusudia kuonesha kwamba katika kijiji cha Mwamgongo, kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Gombe kwa upande wa kaskazini, mkoani Kigoma, mashapo ni ushahidi wa yaliyoipata milima. Aidha, unahoji ushahidi huo unasomwa na nani, na kwa lugha gani.

2.0 Jinsi delta inavyojengwa

Mto uingiapo ziwani hupunguza mwendo, na nguvu yake ya kubeba mizigo hufifia. Kilicho kizito hutua kwanza. Kwa hiyo, kokoto hubaki karibu na mlango wa mto, mchanga husogea mbele kidogo, na tope laini huelea hadi mbali kabla ya kuzama. Mnamo mwaka 1885, mwanajiolojia wa Kimarekani, G. K. Gilbert, aliyechunguza fukwe za ziwa la kale la Bonneville katika jimbo la Utah, alieleza sehemu tatu za jengo hilo: tabaka za juu, zilizokaribia kulala, tabaka za mteremko, zilizoinama kuelekea kwenye kina, na tabaka za chini, ambazo ni za tope na zimelala.

Kadiri delta inavyosonga mbele, tabaka za mteremko huzifunika zile za chini, na tabaka za juu huzifunika zile za mteremko. Mjerumani Johannes Walther aliifafanua kanuni hii mwaka 1894: pale ambapo utuaji haukukatika, mazingira yaliyopakana kando kwa kando ndiyo yanayokuja kupangana moja juu ya jingine. Hivyo basi, anayechimba kwenye delta iliyokua kuelekea ziwani hukuta kokoto juu, mchanga katikati na tope chini. Akikuta tope limelala juu ya kokoto, hana budi kuuliza iwapo maji ya ziwa yalipanda au mto ulihama. Mpangilio huu una sarufi yake: tabaka moja, kama neno moja, halitoshi, maana hutokana na kilichotangulia na kilichofuata.

3.0 Delta za Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilometa 670 na kina kinachofikia mita 1,470 hivi. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal. Delta zake si za aina moja. Mto Malagarasi hupita katika mabwawa mapana kabla ya kufika ziwani kusini mwa Ujiji, na delta yake ni pana na tambarare. Huko Gombe na Mwamgongo hali ni tofauti. Milima huinuka tangu ukingoni mwa maji, mito ni mifupi na yenye kasi, na sakafu ya ziwa huteremka ghafla. Delta zake ni ndogo, na sehemu ya mashapo huporomoka hadi kwenye kina kirefu. Kwenye ufuko wa namna hiyo, kipande cha ardhi tambarare kifaacho kujengwa nyumba na kuanikia dagaa ni kile kilicholetwa na mto wenyewe.

Kina cha maji nacho hakikudumu. Katika vipindi vya ukame mkubwa wa kale, ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita 200, na mito ikatua mizigo yake mahali ambapo leo ni chini kabisa ya maji. Katika miaka ya 1870 ziwa lilifurika na kujifungulia njia kupitia Mto Lukuga, kisha likashuka tena. Kila badiliko la namna hiyo huacha alama katika tabaka.

4.0 Mabonde mawili jirani

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa mradi wa bioanuwai ya Ziwa Tanganyika walizamisha mabomba katika delta kadhaa za ufuko wa mashariki na kuyatoa yakiwa yamejaa mashapo katika mpangilio wake wa asili. Miongoni mwa delta hizo ilikuwamo ya Mwamgongo, na pia ile ya Nyasanga na Kahama iliyomo Gombe. Umri wa tabaka ulipimwa kwa kaboni na kwa risasi-210, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 22 hivi.

Faida ya kuyalinganisha mabonde haya ni dhahiri. Yote hupata mvua zinazokaribiana. Lakini Gombe ililindwa kama pori la akiba tangu mwaka 1943 na kama hifadhi ya taifa tangu 1968, ilhali miteremko ya Mwamgongo imelimwa. Palipo na tofauti kubwa, mvua peke yake haiwezi kulaumiwa.

Matokeo ya utafiti huo, yaliyochapishwa mwaka 2005, yalionesha kwamba delta zilizo chini ya milima iliyokatwa misitu zilipokea mashapo mengi kupita kiasi kinachoweza kuelezwa na tabianchi. Katika eneo la kaskazini la ufuko wa Tanzania, ukataji mkubwa ulianza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, ongezeko la ghafla lilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watafiti walilihusisha na mvua za ajabu za 1961/62, zilizosomba udongo wa milima iliyokwisha kuvuliwa miti. Ndiyo kusema, msitu ulikatwa na kizazi kimoja, na udongo ukaondoka machoni pa kizazi kingine.

Hasara yake ni ya pande mbili. Shamba hupoteza udongo wake wa juu, na udongo huohuo hufunika miamba ya ufukweni ambamo samaki na konokono wasiopatikana kwingineko duniani hula na kuzaliana.

5.0 Hitimisho

Matokeo hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, ingawa ushahidi wenyewe ulitolewa chini ya mitumbwi ya wanakijiji. Kisingizio cha uhaba wa istilahi hakina mashiko. Mashapo, tabaka, mteremko, kokoto na tope ni maneno yanayojulikana; kinachohitajika ni kuyasanifisha kwa dhana hizi na kuyatumia. Mkutano wa kijiji unaojadili kama mteremko fulani ulimwe au uachwe uote miti unastahili kujua kilichoandikwa chini ya maji, kwa kuwa zitakapokuja mvua nyingine kama zile za 1961/62, wajumbe wake ndio watakaokuwa wamelala juu ya delta hiyo.