Dune: Wana vyombo vya anga, mbona wanapigana kwa visu?

(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliziona koo mbili za riwaya ya Dune, Atreides na Harkonnen, na jinsi Mfalme Mkuu Shaddam wa Nne alivyozichonganisha juu ya Arrakis, sayari kame inayotoa kiungo ambacho bila hicho hakuna chombo kinachovuka nyota. Leo tuingie vitani.

Frank Herbert alitoa kitabu hiki mwaka 1965, na hadithi yenyewe ameiweka maelfu ya miaka mbele yetu. Hata hivyo mashujaa wake wanauana kwa visu. Wako wanaodhani huo ni urembo tu wa mtunzi anayependa mapanga. Mimi naona ndiyo nguzo ya riwaya nzima.

Herbert ameanza kwa kufunga milango. Kompyuta hazipo: zamani binadamu waliziasi mashine zenye akili, wakaziteketeza, na kuunda nyingine ni mwiko. Bunduki nazo hazifai kitu, kwa sababu ya ngao. Ngao hii ni kifaa cha kuvaa mkandani, kinachomzungushia mtu nguvu inayokataa chochote kiendacho kasi. Risasi inagonga na kuishia hapo. Kiendacho polepole hupenya, na lazima kipenye, la sivyo hata hewa isingeingia na mvaaji angekosa pumzi. Ukijaribu kuipiga kwa bunduki ya miali, mlipuko wake waweza kukuteketeza wewe na huyo uliyemlenga. Kinachobaki ni kisu, na mkono unaojua kupunguza mwendo dakika ya mwisho.

Tazama pambano la Paul Atreides na Jamis. Paul ana miaka 15, amekimbilia jangwani na mama yake baada ya ukoo wao kuvamiwa, na Jamis, mpiganaji wa Fremen, wenyeji wa jangwa hilo, anamtaka wamalizane pangoni. Wote wawili wameshika visu vilivyochongwa kwa jino la mnyoo mkubwa wa mchangani. Fremen hawavai ngao, maana jangwani ngao huwaita minyoo hao na kuwatia wazimu. Paul anakwepa kwa wepesi wa ajabu, lakini kila akishambulia mkono wake unachelewa kidogo, kwa kuwa tangu utotoni amefundishwa kupenya ngao. Watazamaji wananong'ona kwa hasira: huyu mtoto anamchezea mwenzetu kama paka na panya! Mama yake, Jessica, ndiye anayeelewa kwamba mwanawe hachezi, bali anapigana na ngao isiyokuwepo. Sijui riwaya nyingine ya aina hii ambayo kanuni ya fizikia imeingia hivyo mkononi mwa mtu.

Sheria zikishawekwa, kila upande unatafuta upenyo. Baron Harkonnen analeta mizinga, silaha ambayo wenzake walikwisha kuitupa kwa kuwa haiwezi ngao. Askari wa Atreides wanapojificha mapangoni, mizinga hiyo haiwalengi wao. Inapiga miamba na kuziba milango, wakafia humo. Ni ukatili, lakini ni akili pia.

Paul naye, baadaye akiwa anawaongoza Fremen, analipa kwa mtindo huo huo. Mkataba unaozifunga koo zote unakataza kuwapiga binadamu kwa silaha za nyuklia, na atakayeuvunja sayari yake itaangamizwa. Yeye anazielekeza kwenye ukuta wa milima unaoukinga mji dhidi ya tufani. Hoja yake ni ya kiwakili kabisa: amepiga mawe, hakupiga mtu. Pengo likipatikana, tufani inaingia na umeme wake wa mchangani unazizima ngao za kambi ya mfalme, na nyuma yake wanakuja Fremen wamepanda minyoo. Askari wa mfalme, waliokuwa wakiogopwa kila sayari, wanakutana na watu ambao hawajawahi kuitegemea ngao hata siku moja.

Itaendelea.