"Nilichoka, Lakini Usiambie Mutu"

Kuko neno moja lenye vijana wetu wanasemaka, na sisi wazazi tunalipitisha kama upepo. Neno lenyewe ni "nilichoka". Mutoto anatoka masomo, anatupa madaftari, analala uso ku ukuta: "Mama, nilichoka." Jibu letu liko tayari siku zote: "Choka ya nini? Weye unachimba? Unabebaka mifuko ya mawe ku mugongo? Baba yako njo mwenye kuchoka!" Kiisha tunamutuma maji.

Mara nyingi ni kweli, mutoto anakimbia vyombo. Lakini kuko siku yenye anatuambia jambo ingine kabisa.

Tuwaze juu ya binti mumoja wa miaka 16. Tuseme anakaa Likasi, mu kambi ya zamani ya wafanyakazi. Babu yake alikuwa mutu wa Gécamines, mumoja wa wale zaidi ya 10,000 waliotoka kazini mu mupango wa mwaka 2003 wenye uliitwa kuondoka kwa mapenzi (wenyewe wengi walisema mapenzi hayakuwamo). Baba yake anachimba upande wa Kolwezi, anarudia nyumbani kiisha majuma matatu ao mane, mara na makuta, mara mikono mitupu. Huyu binti alikuwa muimbaji. Polepole akaacha korale. Akaacha kusuka nywele. Bukari anaigusa mara mbili, anasukuma sahani. Usiku hasinzii, asubui hawezi kuamuka, na ku masomo, yeye mwenye alikuwa kati ya wa kwanza, akaanza kuanguka.

Mama yake aliona kiburi. Shangazi aliona mimba, akawa anamuangalia tumbo kila asubui. Jirani, mwenye hakuulizwa, akasema ni ulozi. Hakuna hata mumoja aliyemuuliza binti mwenyewe.

Siku moja ya posho, kiisha mazoezi ya kuimba, rafiki yake akamufuata nyumbani. Walikaa nyuma ya jiko. Binti akasema: "Mi nikilala, naombaka nisiamuke tena. Lakini usiambie mutu. Apa." Rafiki akaapa.

Siri yenye haifungwe

Weye kijana mwenye unasoma hapa, pengine unajua ile siri. Pengine iko ndani yako sasa. Mara nyingi neno la namna hiyo halifike kwa baba wala kwa pasta kwanza. Linafika kwa rafiki wa kalasi, kwa yaya, kwa ule mwenye munabeba naye maji. Ni mutoto mwenzake njo anapewa muzigo wenye hata mukubwa angeuogopa.

Tunasema wazi: ile siri haifungwe. Siri ya mapenzi, siri ya kosa ndogo ku masomo, sawa, uichunge. Lakini mutu akikuambia kama anataka kufa, ao kama heri asingezaliwa, kiapo chako hakina nguvu tena. Rafiki anaweza kukukasirikia juma nzima. Akukasirikie akiwa muzima.

Usikimbie kutafuta maneno makubwa. Ukae naye, umusikilize mupaka mwisho, usicheke, usiseme "acha mambo ya utoto". Umuulize bila kuzunguka: "Unawaza kujiua?" Watu wengi wanaogopa hili ulizo, wanasema litamutia mawazo yenye hakuwa nayo. Haiko vile. Wale wenye kutunza magonjwa ya akili wanatuambia kuuliza hakuleti lile wazo. Mara nyingi kunamufungulia mutu mulango, maana alikuwa peke yake nalo. Akijibu ndiyo, usimuache peke yake hata kidogo, na usingoje kesho. Umuambie vile ilivyo: "Sitanyamaza. Lakini sitakuacha, tutaenda wote."

Kwa nani? Hapa inaomba akili. Haiombi kuwa muzazi siku zote, sababu mara ingine nyumba yenyewe njo yenye kumuumiza: fimbo ya kila siku, ao mutu wa jamaa mwenye kumushika kwa nguvu. Mutafute mukubwa mwenye hapigake kelele, mwenye habebake habari za watu ku robinet. Anaweza kuwa tantini, mwalimu, mama wa korale, infirmiye. Wa kwanza akikataa kusikia, muende kwa wa pili.

Kwanza mukate na usingizi

Kwetu wazazi sasa. Tulikomalia mu kazi nzito, na wengi wetu walijifunza kunyamaza. Baba alikaa miezi bila mushahara, akanyamaza, na mama akanyamaza pembeni yake. Ile kunyamaza tunaiitaka nguvu, na tunataka mutoto aichukue vilevile. Mimi siamini kama ni nguvu.

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linasema kijana mumoja kati ya 7, wa miaka 10 mupaka 19, ana shida ya namna hiyo: huzuni yenye haiondoke, woga usio na sababu, kichwa kisichotulia. Tuhesabu kalasi moja ya watoto 50. Basi si jambo la jamaa moja yenye kulaaniwa.

Huzuni ya siku mbili, kijana akianguka mutihani, ni ya kila mutu. Lakini ikikaa juma mbili nzima, karibu kila siku, na kazi zake zikikufa moja moja, chakula, usingizi, masomo, marafiki, usiseme itapita. Wavulana hawalie sana. Wao wanageuka wakali, wanakunywa pombe ya nguvu, wanapigana. Hiyo pia inaweza kuwa huzuni yenye kuvaa nguo ingine.

Watu wa kanisa tunajua habari ya Elia katika 1 Wafalme 19. Nabii mukubwa, mwenye alikuwa amesimama mbele ya mufalme, anakaa chini ya muti na kuomba afe. Tuangalie kama malaika hakumukemea, wala hakumuambia imani yako ni ndogo. Alimugusa, akamupa mukate na maji, akamuacha alale tena. Safari ilikuja nyuma. Ku nyumba zetu tunafanyaka kinyume: mahubiri kwanza, na mukate kama kuko.

Njia ya kwenda ku kituo

Muanze na kituo cha afya cha karibu. Hata kama mutoto ni wa huzuni tu, infirmiye amupime mwili, sababu kukosa damu, malaria na magonjwa mengine yanaweza kumumaliza mutu nguvu. Akiwa na homa na anaanza kusema maneno yasiyofuatana kwa gafula, musingoje kabisa, ni lopitali siku ileile. Malaria inaweza kupanda ku ubongo. Museme mambo yote, hata lile la kutaka kufa. Wazazi wengi wanafika, wanasema "kichwa kinamuuma", wanapewa parasetamoli, wanarudia.

Si kila infirmiye alifundishwa magonjwa ya akili. Akiona hawezi, aombwe barua ya kumutuma mbele. Lubumbashi kuko santre ya Dr Joseph Guislain, ya wafrere wa Charité, yenye kutunza wagonjwa wa akili. Wengine wanaogopa jina, wanasema pale ni kwa vichaa. Lakini kwenda kuonana na munganga si kufungiwa. Dawa za huzuni, munganga akiziandika, hazifanyi kazi siku moja. Zinaombaka majuma kazaa, na mutoto asiziache peke yake sababu alijisikia muzuri.

Zamani kampani ilimutunza mufanyakazi na watoto wake. Leo inaomba makuta, na pikipiki, na taksi. Hapa kanisa linaweza kutumika kweli: sahani ya musaada ilipe njia ya mama na mutoto, bila kutangaza sababu yake mbele ya watu wote. Na ku nyumba, mungojapo, dawa zote na sumu ya panya zifungiwe mbali na ule mutoto.

Tuombe pamoja naye, ndiyo. Lakini mutoto mwenye hakuli tangu juma mbili, kumuongezea mufungo ni kumuua polepole. Na mahali penye wanamufungia mu chumba, wanamupiga ili aseme nani alimupa ulozi, mumutoe pale. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, yenye kulinda mutoto, katika kipande cha 160 inaazibu mwenye kumusingizia mutoto ulozi. Pasta naye iko chini ya ile sheria.

Turudie kwa binti wetu. Rafiki alikaa na kiapo chake usiku mumoja tu, asinzie asisinzie. Siku ya Mungu, kiisha ibada, akamuambia mama wa korale, na huyu akaenda naye kwa mama ya binti. Kulikuwa kelele kidogo, kiisha machozi. Usiku ule mama alilala ku mukeka mumoja na binti yake.

Siku ya kwanza asubui wako ku benki ya kituo cha afya, watu watatu. Infirmiye anaita, mama anaanza kujibu pahali pa mutoto, na infirmiye anamuomba kwa heshima angoje inje kidogo. Mulango unafungwa. Mama anabakia na ule rafiki.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya posho, mama."

Mama hajibu. Anatoa mukate mu kitambaa, anaukata, anamupa kipande kikubwa.