Chombo cha Shamba Huchaguliwa na Udongo

Mvua ya masika ikinyesha siku tatu mfululizo katika nyanda za Kano, udongo mweusi wa pale huvimba, hunata na kuteleza, na kila chenye gurudumu hutiwa mtihanini. Lori lililopita jana kwa majivuno hukwama leo mbele ya watoto wa shule. Jua kali likirejea, udongo huo huo hupasuka nyufa ambazo mtu anaweza kuingiza mkono. Ardhi moja ina tabia mbili, na anayetaka kununua chombo cha kuifanyia kazi sharti azijue zote mbili kabla ya kutoa senti moja.

Nagusia jambo hili kwa sababu kutoka Ahero hadi Kendu Bay, na kutoka Seme hadi Usenge, nasikia swali lile lile likiulizwa: ninunue chombo gani cha kazi za shamba? Anayeuliza huwa ni mwalimu aliyestaafu na kiinua mgongo chake, au kijana aliyerudi kutoka Nairobi na akiba kidogo, au kikundi cha akina mama kilichochanga shilingi kwa shilingi miaka kadhaa. Kwa wengi wao fedha hizo hazitapatikana mara ya pili. Wakikosea, hawatabaki na gari baya tu. Watabaki na deni, na mzigo utarudi palepale ulipokuwa, kichwani mwa mama.

Dai langu ni hili. Chombo cha shamba huchaguliwa na udongo kwanza, mzigo wa pili, na fundi wa tatu. Mwenye fedha huja mwisho. Wengi wetu tumeupindua utaratibu huu: tunaanza na chombo tulichokiona kwa jirani au katika picha, kisha tunakwenda kukitafutia kazi.

Huko Marekani, Australia na Ulaya wakulima wamezoea kigari kidogo cha magurudumu manne ambacho dereva na mwenzake huketi bega kwa bega, nyuma kikiwa na sanduku la mizigo linaloweza kuinuliwa na kumwaga. Kampuni ya Kawasaki ya Japani ilianza kuuza chake mwaka 1988 kwa jina la Mule, maana yake nyumbu, yule mnyama mchapakazi aliyezaliwa na punda na farasi. John Deere ya Marekani ikafuata na Gator mapema katika miaka ya 1990. Kwa kuwa chombo hiki hakijapata jina lililotulia katika Kiswahili, nitakiita kigari cha shamba. Sifa zake ni matairi mapana yenye upepo mdogo, na katika aina nyingi, nguvu ya injini kuyafikia magurudumu yote manne. Juu ya vichwa vya abiria pana fremu ya vyuma, ili chombo kikipinduka wasipondwe.

Chombo ambacho sisi tumekizoea ni kingine. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, na boda boda iliyokuwa imezaliwa kwa baiskeli katika mpaka wa Busia ikageuka kuwa ya petroli. Baada yake ikaja pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku la mizigo nyuma. Leo inabeba mchanga, saruji, magunia na mitungi ya maji katika kila soko la Nyanza. Bei yake ni nafuu kuliko ya gari, na vipuri vyake vinapatikana. Katika barabara ya lami au ya murramu iliyotunzwa, sina neno nayo.

Matatizo huanza pale barabara inapokwisha. Tazama njia ya shambani iliyochimbwa na magurudumu ya matrekta: ina mifereji miwili na tuta katikati. Gari la magurudumu manne hupita katika mifereji, magurudumu ya nyuma yakifuata nyayo za yale ya mbele. Pikipiki ya magurudumu matatu hujitengenezea nyayo tatu. Ikiweka yale mawili ya nyuma katika mifereji, lile la mbele hupanda tutani na kuyumba; ikiweka la mbele mferejini, moja la nyuma hubaki juu na sanduku likainama upande. Na lile la mbele halina nguvu ya injini: kazi yake ni kuongoza tu, na katika tope husukumwa kama jembe.

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kulithibitisha jambo la pili kwa kalamu yake. Shinikizo ni uzito uliogawanywa kwa eneo. Tuseme pikipiki ya magurudumu matatu pamoja na mzigo wake ina kilo 800, na kila gurudumu linagusa ardhi kwa sentimita za mraba 130. Jumla ya eneo ni 390, na kila sentimita ya mraba inabeba zaidi ya kilo 2. Sasa tuseme kigari cha shamba na mzigo wake kina kilo 1,000, na kila tairi lake pana linagusa ardhi kwa sentimita za mraba 400. Eneo ni 1,600, na kila sentimita ya mraba inabeba kama gramu 625. Uzito umeongezeka, lakini shinikizo halifiki theluthi ya lile la kwanza. Ndiyo sababu chombo kizito huweza kupita pale chombo chepesi kilipozama.

Nafahamu kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga katika nyanda za Kano kilichonunua pikipiki ya magurudumu matatu kwa mkopo. Miezi ya kiangazi ilifanya kazi nzuri, wakaimba na kushangilia. Ilipofika Aprili, chombo kilisimama kwenye murramu kikisubiri, na magunia yakabebwa kwa vichwa kutoka majarubani hadi pale kilipo. Siku dereva alipothubutu kuingia ndani, walikwenda kuazima maksai wa jirani kuja kukivuta. Awamu za mkopo hazikungoja tope likauke. Ng'ombe waliodharauliwa ndio waliokiokoa chombo cha kisasa.

Sikuleta habari hiyo ili kumcheka mtu. Nimeileta ili tuwaheshimu maksai. Mnyama wa kukokota aliyeshiba na kupumzishwa huweza kuvuta kwa saa kadhaa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Jozi moja itakwenda polepole, kilomita tatu au nne kwa saa, lakini kwato hukanyaga na kung'oka matopeni ambapo tairi huzunguka bure. Maksai hula majani, samadi yao hurudi shambani, na wakizeeka huuzwa kwa bei ya maana. Mkokoteni wao huundwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli ya gari kuukuu, na kuuchomelea ukivunjika ni kazi ya siku moja.

Lakini maksai nao wana mipaka yao. Katika bonde la Lambwe mbung'o wamekuwa wakisambaza ugonjwa wa nagana kwa miongo mingi, na maksai mgonjwa ni hasara mara mbili. Punda naye, mbeba maji mkuu wa vijiji vingi vya kandokando ya ziwa, amepitia majaribu ya aina yake. Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilitoa leseni kwa machinjio ya punda, ngozi zikiuzwa Uchina, na wizi wa punda ukaenea. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo Mei 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Mtu aliyeamka na kukuta zizi tupu ana haki ya kufikiria injini.

Basi kigari cha shamba kinamfaa nani? Tuitazame ardhi tena. Katika Seme, karibu na majabali ya Kit Mikayi, tatizo ni mawe, na chombo chenye tumbo lililoinuka juu hupita pale lenye tumbo la chini linapokwaruzwa. Katika milima ya Gwasi tatizo ni mteremko, na hapo breki na upana wa chombo vina thamani kuliko mwendo. Katika mashamba ya miwa ya Chemelil na Muhoroni mzigo ni tani, wala si magunia. Huko trekta na trela halina mshindani. Kigari cha shamba hustahili pale kazi ni nyingi, mizigo ni ya wastani, safari ni fupi na zinarudiwa kila siku ya mwaka: shule ya bweni yenye shamba kubwa, kituo cha utafiti, ushirika unaokusanya maziwa au mboga kwa wanachama wengi. Mkulima wa ekari mbili atakayekitumia siku 60 na kukiegesha siku 300 anajinunulia pambo.

Na hapa ndipo fundi anapoingia. Mashine isiyo na fundi karibu ni chuma chakavu kinachosubiri tarehe yake. Pikipiki ikiharibika Katito au Bondo, kijana wa chini ya mwembe ataifungua kabla ya adhuhuri. Kigari kilichoagizwa kutoka ng'ambo kikikatika mkanda wa kuendeshea wakati wa mavuno, mkanda huo huenda ukasubiriwa majuma kadhaa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya chombo, uliza bei ya mkanda, ya beringi, ya chujio la mafuta na ya tairi. Kisha uliza ni nani aliye navyo Kisumu leo, dukani, katika rafu, si katika ahadi. Muuzaji akianza kupepesa macho, mshukuru na uende zako.

Liko jambo lingine ambalo haliandikwi katika risiti. Wamarekani walikuwa na pikipiki za mashambani za magurudumu matatu zenye matairi manene. Ziliua na kujeruhi watu wengi, wakiwamo watoto, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubali mbele ya mahakama kuacha kuziuza. Pikipiki zetu za mizigo si chombo kile, lakini sheria ya maumbile ni moja: kitu kinachosimama juu ya pembetatu hupinduka upesi kuliko kinachosimama juu ya mstatili, na mzigo ukipandishwa juu hupinduka upesi zaidi. Nami nimeona mara nyingi, jioni za siku za soko, akina mama saba au wanane wameketi juu ya magunia nyuma ya pikipiki hizo, wakipita kandokando ya mitaro. Hakuna mkanda, hakuna fremu, hakuna pa kushika. Hata kigari chenye fremu hakimwokoi asiyefunga mkanda, na watengenezaji wake wenyewe huonya kwamba hakikuundwa kukimbia katika barabara kuu. Anayenunua chombo cha mizigo na kukifanya matatu ananunua msiba kwa awamu.

Kwa nini nawaandikia haya walimu na wanafunzi? Kwa sababu hesabu niliyoifanya hapo juu inafundishwa katika kila shule ya upili, kisha inaachwa darasani kama mwavuli uliosahaulika. Vyama vya 4K vilifufuliwa rasmi mwaka 2021 ili watoto wetu waukaribie udongo tena. Vizuri, basi visiishie kwenye vitalu vya sukuma wiki. Mwalimu wa kilimo na mwenzake wa fizikia wawatoe wanafunzi nje siku ya mvua. Wapime kina cha nyayo za mkokoteni, za pikipiki na za trekta katika njia ile ile. Wahesabu siku ambazo njia hupitika kwa mwaka. Wagawanye bei ya chombo, pamoja na riba na matengenezo, kwa siku hizo, waone kila siku ya kazi inagharimu kiasi gani. Kisha daftari lile lipelekwe nyumbani, kwa mzazi anayekaribia kutia sahihi mkopo.

Nina hakika majibu yatatofautiana kijiji kwa kijiji. Wengine wataamua kukodi trekta siku tatu na kubaki na maksai wao mwaka mzima, na huo utakuwa uamuzi wa kisasa kuliko wa anayenunua asichokihitaji. Wengine wataungana kaya 30 na kununua kigari kimoja chenye dereva mmoja na daftari moja la matumizi. Wengine watabaki na pikipiki yao, lakini watachanga kwanza kununua murramu ya kutengeneza nusu kilomita ya njia. Yote ni sawa, mradi swali limeanzia chini, kwenye tope, likapanda hadi kwenye mfuko.

Maendeleo ya mkulima wa kandokando ya ziwa yasipimwe kwa idadi ya injini zinazonguruma kijijini. Yapimwe kwa idadi ya magunia yaliyofika sokoni makavu mwezi wa Aprili, na kwa idadi ya vichwa vya akina mama ambavyo siku hiyo havikubeba kitu.